Mungu wa Bahari Nyuma ya Jiko Langu

Maji yangu yalikatwa siku ya Jumanne, mchana kweupe, na aliyeyakata hakusema neno. Nilikuwa nimeinamia karai nafua nepi. Mpira wa maji ulikuwa ndani ya karai, unamimina kama kawaida yake. Mara ukachomoka wenyewe. Ukatoka karaini ukiwa bado unamwaga, ukakatiza uwanja, ukapita mbele ya mlango wa jiko kama nyoka aliyekumbuka kitu nyumbani, ukapinda kona ya banda la ng'ombe na kupotea. Nyuma ya banda nikasikia mtu anahema, kisha nikasikia maji yangu yanaanguka kwenye hori la ng'ombe.

Nilibaki nimeshika nepi yenye povu.

Mtu mwingine angekwenda pale kona akauliza kulikoni. Mimi siwezi. Aliyekuwa anavuta ule mpira ni baba mkwe wangu, na hapa Ikuti, kwenye nyumba yake yeye, mkamwana hamwoni baba wa mumewe. Wazee wanaita kutila. Simtazami usoni, sisemi naye, silitamki jina lake wala neno linalofanana na jina lake. Nikimsikia anakohoa njiani naingia kwenye migomba mpaka apite. Wenzangu wengi niliosoma nao wameolewa kwenye nyumba ambazo mambo haya yamekwisha. Wanawamiminia wakwe zao chai na kutazama nao taarifa ya habari. Kwetu Isongole mama yangu alikuwa akibishana na babu kuhusu mbegu za viazi, uso kwa uso, na hakuna aliyekufa. Mimi niliangukia kwa mzee ambaye hajapunguza hata nukta.

Sasa kosa langu. Nitalieleza lilivyo, maana kijiji kizima kimeshalieleza na kila mmoja ameongeza chumvi yake.

Jumatatu, siku moja kabla, ilikuwa kliniki ya mtoto Tukuyu. Mvua ilikuwa ile ya asubuhi isiyo na haraka, na ukungu umelala barabarani. Nikavaa koti kubwa la mume wangu lenye kofia, nikamfunga mtoto kifuani chini ya koti, nikapanda bodaboda. Kwa mbali nilionekana mwanamume mnene. Tulipofika njia panda ya mashamba ya chai, dereva akapunguza mwendo.

"Mama, sogea mbele kidogo, tubebe mzee mmoja."

"Mshikaki wa watu watatu na mvua hii? Nina mtoto mimi."

"Mzee mwembamba huyo. Hata hutamsikia."

Nikasogea. Sikugeuka, nilikuwa nimeinamisha kichwa kumkinga mtoto na matone. Mzee akapanda nyuma yangu. Alikuwa amejifunika nailoni kuanzia utosini hadi magotini, na mkononi alikuwa na uma wa kuzolea samadi. Zamani uma ule ulikuwa na meno manne. Moja lilikatika, alikuwa anaupeleka kwa fundi wa kuchomelea. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba kuna chuma kinanidunga paja la kulia kila tukiruka shimo. Mara mbili nilipiga kelele, "Mzee, shusha chuma chako!" Injini inanguruma, mvua inapiga nailoni masikioni mwake, hakusikia kitu. Kwenye kona ya mwisho kabla ya mjini pikipiki iliteleza, akanikumbatia kiunoni kwa mikono miwili.

Tukafika stendi, tukashuka. Mimi nikavua kofia ya koti. Yeye akafunua nailoni. Tukatazamana.

Hapakuwa na migomba ya kujificha. Kwa miaka miwili na nusu ya ndoa ndiyo ilikuwa mara ya kwanza nauona uso ule karibu. Ana kovu dogo chini ya jicho la kushoto, na macho ni ya mume wangu kabisa, kama yamehamishwa.

Nikacheka.

Sikukusudia. Kilinitoka kama kwikwi, na kikishatoka hakirudi. Dereva, mtu mzima wa kijiji chetu, baba wa watoto watatu, alipoona ni nani na nani aliowapakia, akashika kichwa. "Mama yangu wee! Nimembeba mzee na mkamwana wake!" Akalisema kwa sauti ya kuitia abiria. Wauza ndizi wakaacha ndizi.

"Jamani njooni muone, mkamwana kampakata baba mkwe!"

"Kampakata wapi, kapakatwa yeye!"

"Haya mzee, na kurudi mnarudi pamoja?"

Mimi nacheka, machozi yananitoka, mtoto analia chini ya koti. Mzee akajifunika uso kwa ile nailoni, akaweka uma wake begani, akaondoka. Hakufika kwa fundi. Alirudi Ikuti kwa miguu, mvua yote ile, na uma wa meno matatu begani.

Hukumu aliileta mama mkwe jioni, amesimama kwenye mlango wa jiko langu, hajui mikono aiweke wapi.

"Mkamwana, mzee amesema."

"Amesema nini, mama?"

"Upike pombe ya kimpumu kwa mkono wako. Uje na jogoo. Upige magoti mlangoni kwake, umempa mgongo, useme umekosa kwa kupanda naye."

"Mimi ndiye niliyempandisha?"

"Sijui, mwanangu. Amesema."

"Yeye mwenyewe ndiye aliyenipandia kwa nyuma. Mimi nilikuwa nimekaa tangu Ikuti. Yeye atanipigia magoti lini?"

"Mwe!" Mama akaziba mdomo wake, kana kwamba maneno yametoka kwake. "Ana masikio yule."

"Basi na ayasikie. Sipigi magoti."

Kesho yake mpira ukatambaa.

Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba mpira ule aliuweka yeye. Nilijifungua kwa upasuaji. Niliporudi kutoka hospitali sikuweza kunyanyua hata sufuria ya uji, na mume wangu alikuwa na ruhusa ya siku nne tu kutoka gereji anakofanya kazi, Mbeya. Siku ya tano nikasikia jembe linagonga mawe kule juu kwenye chemchemi. Mzee alichimba mfereji peke yake, kutoka chemchemi yake hadi uwanja wangu, siku tatu, akalaza mpira, akaufukia hadi bandani, kipande kilichobaki akakilaza juu ya ardhi mpaka mlangoni kwangu. Asubuhi niliamka nikakuta maji yanamwagika kwenye ndoo ambayo sikuiweka mimi. Nililia siku ile. Sasa mtu aliyekufanyia hivyo, ukimkasirikia, hata hasira yenyewe inakosa pa kukaa.

Mto uko chini ya bonde. Kushuka ni kuteleza, kupanda ni kuomba. Nilikwenda mara nne kwa siku, mtoto mgongoni, ndoo kichwani, kovu linavuta kama uzi ulioshonwa vibaya. Na kila nikirudi nikipita karibu na banda, namsikia ng'ombe anakunywa maji ya chemchemi, anafyonza taratibu, hana haraka.

Nikampigia simu mume wangu.

"Mvumilie tu, mama watoto. Baba ndivyo alivyo."

"Ndivyo alivyo vipi?"

"Si unajua. Ndivyo alivyo."

Nikamkatia simu. Kuna watu wanapewa sentensi hiyo maishani kama kitambulisho. Wakikanyaga mtu, aliyekanyagwa ndiye anayeambiwa atazame kitambulisho.

Nimesahau kusema kuhusu kitabu, na bila kitabu hakuna kilichofuata.

Ile Jumatatu, baada ya kliniki, nilijikinga mvua kwa fundi cherehani mmoja pale sokoni, mzee Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Nilimwamkia, akanisogezea kigoda. Chini ya meza yake kulikuwa na kitabu cha Kiingereza hakina jalada, kimeanzia ukurasa wa kumi na moja. Juu ya ukurasa huo pana picha ya meli kwenye mawimbi.

"Hiki cha nini, fundi?"

"Nilikichukua cha kukatia paterni. Kurasa zenyewe ndogo, hazitoshi hata kola ya mtoto. Kichukue, binti, usije ukakaa bure."

"Bahari iko hivi kweli?"

"Unaniuliza mimi? Babu ndiye aliyeiona. Mimi maji mengi niliyowahi kuyaona ni Kiwira ikifurika."

"Nilidhani nyie wa pwani..."

"Mimi wa Tukuyu, binti. Pwani imebaki kwenye pilau tu."

Nikakitia kwenye mfuko wa nepi. Ni kitabu cha miungu ya Wagiriki wa kale, kilichoandikwa kwa watoto, Kiingereza chake kidato cha nne kinakimudu. Nilikifungua Jumatano, baada ya safari ya tatu ya mtoni, nimekaa kwenye kizingiti cha jiko, miguu ina tope hadi magotini. Nikaangukia sura ya mungu wa bahari. Picha yake ilikuwa ukurasa mzima: mzee wa ndevu, kifua wazi, uso wa mtu aliyesalimiwa vibaya, na mkononi ameshika uma wa meno matatu.

Nilipiga ukelele mpaka mama mkwe akatoka na mwiko.

Anaitwa Poseidoni. Jina la baba mkwe siruhusiwi kulitamka, lakini hili la Mgiriki hakuna aliyenikataza. Nikalitamka mara tatu, kwa sauti, nikielekea banda la ng'ombe. Nilijisikia vizuri kama mtu aliyetoa mwiba.

Nilisoma sura yote palepale. Ndugu walikuwa watatu, wakapiga kura kugawana dunia. Mmoja akapata mbingu, mmoja kuzimu, huyu akapata bahari, na tangu siku hiyo anajiona amepunjwa. Baba mkwe naye ana ndugu wawili. Wao walipata ardhi tambarare yenye chai, yeye akapata mteremko na chemchemi, na hakuna msiba wala harusi ambayo hajalikumbusha jambo hilo kabla ya chakula kupakuliwa. Mungu huyu ndiye bwana wa farasi. Anawapenda kuliko watu. Baba mkwe hana farasi, ana ng'ombe mmoja wa maziwa, na anamsemesha kwa sauti ambayo mama mkwe hajaisikia tangu aolewe. Yule Mgiriki wanamwita mtikisa ardhi. Akichukia, anapiga chini kwa ule uma, nchi inatetemeka.

Halafu nikafika kwenye miji. Huyu mungu alipenda sana miji imwite mlezi wake, na karibu kila aliposhindania mji alishindwa. Kwenye mji mmoja alishindana na mungu wa kike. Yeye akapiga mwamba kwa uma, yakatoka maji. Watu wakakimbia na ndoo zao, wakaonja, chumvi tupu. Yule wa kike akawaoteshea mti wa matunda. Watu wakachagua mti. Yeye akafanya nini? Akaigharikisha tambarare yao yote. Kwenye nchi nyingine wakamnyima tena, na huko akakausha mito.

Niliusoma mstari huo mara mbili. Akakausha mito.

Na bado haijaisha. Katika nchi ileile aliyoikausha kulikuwa na binti anahangaika na chombo chake kutafuta maji. Mungu huyo akampenda, akapiga mwamba mmoja kwa ajili yake, ikabubujika chemchemi isiyokauka. Kitabu kinaliandika jambo hili kama upole wake. Mimi nililisoma nikiwa na tope miguuni. Kwanza anakausha nchi nzima, kisha anakuonyesha chemchemi moja, na wewe unatakiwa ushukuru na kumtazama kama mwema. Na walio karibu naye wote, ndugu zake, miungu wenzake, wanasema nini? Wanasema ndivyo alivyo. Kitabu hakikuandika hivyo kwa maneno hayo, lakini ndicho kinachosema.

Sasa nieleze jinsi tunavyosemezana, mimi na baba mkwe, maana hata mtu usiyeruhusiwa kusema naye kuna siku lazima umwambie kwamba ndama ametoka. Mimi namwambia mtoto. Mtoto ana miezi minane, hajui hata kusema baba, lakini ndiye mjumbe. "Mwambie babu, ndama yuko kwenye mahindi." Babu anasikia ukutani. Yeye naye akitaka kujibu anamwambia ng'ombe. Jiko langu na banda lake vimetenganishwa na ukuta wa mabanzi, kila neno linapita.

Basi mchana ule ule nikamweka mtoto miguuni, nikaanza kumsomea kwa Kiswahili, nikitafsiri humohumo, kwa sauti ya mtu anayehutubia.

"Mwanangu, sikiliza tabia za mungu wa bahari. Ya kwanza, hasira za haraka. Ya pili, hasahau. Ya tatu, anataka aheshimiwe hata pale asipojiheshimu. Ya nne, akikosa kitu anakwenda kumalizia kwenye maji ya watu."

Ng'ombe akapiga kwato. Kisha sauti nzito, ya kujifanya ya kawaida:

"Ng'ombe wangu, hivi umemsikia huyo Poseidoni? Ni mtu wa wapi?"

"Mwanangu, mwambie babu ni Mgiriki. Wa zamani. Ana uma wa meno matatu."

Nikasikia uma unaegemezwa ukutani.

"Ng'ombe, mwenye uma wa meno matatu anaweza kuwa alikuwa na manne. Labda kuna watu walimzuia kufika kwa fundi."

Niliuma ncha ya kanga nisicheke. Sikutaka kucheka. Nilikuwa na hasira zangu na nilikuwa nazihitaji.

Alhamisi nikasoma tena, na Ijumaa. Muda wangu ulikuwa baada ya safari ya tatu ya mtoni, na nikaanza kugundua kwamba saa hiyo hiyo yeye anakuwa na kazi bandani. Anafagia pasipo na taka. Nilipofika kwenye matetemeko akamwuliza ng'ombe kama kumbe na lile la juzi, lililogonganisha sahani kabatini, lilikuwa la huyo Mgiriki. Nilipofika kwenye kugawana dunia kwa kura, akaguna kwa uchungu wa kweli: "Kura hizo huwa zinachezewa." Nilimsomea kwa kumsimanga na yeye alikuwa anafurahi. Hakuna kitu kinachochosha kama kumtukana mtu na yeye akaomba uendelee. Na maji, hakuna.

Jumamosi nikasoma habari ya baharia. Baharia huyu na wenzake walinaswa na jitu lenye jicho moja, mtoto wa huyo mungu wa bahari, linakula watu. Wakalitoboa jicho wakatoroka. Hapo nilikuwa upande wa baharia kabisa. Walipokwisha kufika chomboni, salama, mbali na ufuko, baharia akasimama akapiga kelele kulitajia jitu jina lake, na kwao, na baba yake, ili lijue ni nani aliyelitoboa. Jitu likamlilia baba yake. Na baba mtu akamzungusha baharia yule majini miaka kumi, akimvunjia vyombo, akiwazamisha wenzake mmoja mmoja.

"Umeona, mwanangu?" nikasema. "Miaka kumi. Kwa mtoto ambaye alikuwa anakula watu. Mtu gani mwenye akili timamu anaweka kinyongo namna hiyo?"

Safari hii hakusubiri. Hata ng'ombe alimtaja kwa kuchelewa.

"Mimi nauliza. Huyo baharia alikuwa ameshatoroka? Ameshapona? Ng'ombe, mimi nauliza."

"Mwanangu, mwambie babu, ndiyo."

"Basi kelele zilikuwa za nini?"

Nilimhamishia mtoto goti la pili.

"Kutoboa alitoboa kwa sababu alikuwa analiwa," sauti ikaendelea, imeshuka, si ya kufokea ng'ombe tena. "Hilo hata mimi ningemwachia. Lakini alikwisha kupona. Angeondoka kimya nani angejua? Alitaka watu wajue. Alitaka kumcheka mzee wa watu mbele za watu."

Nikasikia anaweka fagio chini, hatua zake zinakwenda kwenye migomba.

Nilikaa pale na kitabu. Mtoto alikuwa anatafuna kona ya ukurasa, nikamwacha. Siku tano nilikuwa nabeba ndoo nikijua kwamba naadhibiwa kwa kupanda pikipiki, kitu ambacho sikukosa na sitakuja kukubali kwamba nilikosa, na kumbe pikipiki alikuwa ameitaja tu kwa kuwa sababu ya kweli asingeweza kuitamka kwa mkewe. Angesemaje? Kwamba mkamwana wangu alinicheka stendi, na wauza ndizi wakacheka naye? Mzee mwenye tabia hizo zote nilizozisoma hawezi kulisema hilo. Anaweza kuvuta mpira.

Msidhani nililainika. Nilikasirika upya. Mtu ameumia hapa, anapigia kelele pale, halafu wewe mwenye kovu la tumbo ubebe ndoo mpaka ubahatishe mwenyewe palipouma. Niliosha vyombo kwa maji ya kuhesabu kwa vikombe. Lakini pia nilikuwa nimeshaelewa, na ukishaelewa huwezi kurudi kutoelewa, hata kama ulikuwa unastarehe huko.

Jumapili, watu wametoka kanisani, mama mkwe alikuwa amechemsha kimpumu kwa ajili ya wageni wake wa ukoo. Nilikaa karibu na chungu nikasoma kipande kinachofuata, kwa sauti, maana nilisikia fagio limeanza kufagia pasipo na taka. Baharia anaambiwa na mtabiri namna ya kupatana na mungu wa bahari. Achukue kasia lake, aliweke begani, atembee kwa miguu aiache bahari nyuma, aende ndani ya nchi mpaka afike kwa watu wasiojua bahari wala chumvi kwenye chakula. Siku atakayokutana na mtu atakayemwuliza hicho ulichobeba begani ni chombo gani cha kupepetea nafaka, basi hapo ndipo alisimike chini, amtolee mungu sadaka, na yataisha.

"Kasia ni nini?" mama mkwe akauliza.

"Mti mrefu, mama, mwishoni bapa. Wa kusukumia mtumbwi. Watu wa Kyela wangelijua, wana ziwa lao."

Akatazama kilichokuwa mkononi mwake, kirefu, bapa mwishoni, kinachuruzika kimpumu.

"Si mwiko huo?"

Nyuma ya mabanzi kuna mtu alitoa sauti. Sitasema alicheka. Ilikuwa kama kikohozi kilichokosea njia.

Nikamwomba mama ule mwiko. Nikakoroga chungu chake mwenyewe, raundi chache, ili iwe nimekoroga. Nikachota kibuyu kimoja. Sikuchukua jogoo na sikupiga magoti. Nilikwenda hadi kona ya banda, nikasimama nimetazama kwangu, mgongo kwake, nikakiweka kibuyu chini, mtoto yuko mgongoni anatazama upande ambao mimi siruhusiwi kutazama.

"Mwanangu, mwambie babu hivi. Kupanda pikipiki, sikukosa. Hilo hata angekausha mito yote ya Rungwe. Kucheka, nilikosa. Ni hilo tu."

Nikaondoka kabla ng'ombe hajaambiwa kitu.

Jumatatu asubuhi maji hayakuwepo. Nikaenda mtoni nikilaani kila herufi ya kitabu kile. Jumanne vilevile. Jumatano nimetoka na ndoo kichwani, nikasikia mlio wa maji kwenye magimbi. Mpira ulikuwa umerudi. Ulikuwa umelazwa umekuja ukapita banda, ukakatiza njia, ukaelekea kwangu, na ncha yake ikaishia katikati ya magimbi. Si mlangoni. Nilihesabu kutoka ncha ya mpira hadi kizingiti changu: hatua kumi na saba. Kwenye tope. Na mpira wenyewe haujaisha, umekunjwa duru mbili pale bandani, nauona kupitia upenyo, ungeweza kufika hadi mezani kwangu.

Nikampigia mume wangu, akasema si afadhali, na kwamba baba ndivyo alivyo. Nikamkatia tena.

Kwa hiyo sasa nakinga maji kwenye magimbi. Mtoni siendi. Kovu limetulia. Kila siku natembea hatua zangu kumi na saba kwenda na kumi na saba kurudi, na kila siku zinaniudhi moja moja. Jana nikiwa nimeinama kwenye ndoo nikasikia fagio, kisha ile sauti nzito ya kujifanya ya kawaida.

"Ng'ombe wangu, tangu Jumapili hatujasikia kitu. Hivi yule baharia alifika kwake?"

Nikaipandisha ndoo kichwani. Sikuharakisha.

"Mwanangu, mwambie babu kurasa za mwisho zimechanika."

Hazijachanika. Ziko zote, nimezisoma, najua kama alifika na najua alichokikuta. Nimezitoa kwenye kitabu na kuziweka chini ya godoro la mtoto. Siku ncha ya mpira itakapogusa kizingiti changu, nitazisoma kwa sauti.